Kiporo au Akiba? Chakula cha Mtoto Kati ya Jiko na Friza

Jumapili moja jioni, jikoni kwa mdogo wangu Kimara, mama yetu aliyekuwa amekuja kutoka Moshi kumwona mjukuu alifungua friza akitafuta samaki. Akakuta mifuko midogo imepangwa wima kama madaftari. Mmoja ulikuwa na vipande vya rangi ya chungwa, wa pili vya kijani, wa tatu vya kahawia. Akauliza ni nini. Mdogo wangu akamweleza kuwa ni chakula cha mtoto: boga, njegere na maini ya kuku, amepika cha wiki nzima.

Mama akafunga mlango taratibu. "Kwa hiyo mjukuu wangu analishwa viporo?"

"Siyo viporo, mama. Chakula hiki hakijalala. Nimekigandisha kingali kipya."

"Kimelala," mama akasema. "Kimelala kwenye barafu."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameshika upande wa ukweli. Mama amelea watoto watano akijua kwamba chakula cha mtoto hupikwa, huliwa, na kinachobaki humwagwa. Mdogo wangu anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi usiku, na anajua kwamba asipopika Jumapili, mtoto atakunywa uji mtupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya chakula cha mtoto huoza, tena haraka, na kinachoitofautisha na kiporo ni yale yanayotendeka kati ya sufuria kuepuliwa na kijiko kufika mdomoni.

Tuanze na mahitaji ya mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutoka katika chakula, kwa milo miwili au mitatu. Akiwa na miezi tisa hadi kumi na moja anahitaji 300, na baada ya mwaka mmoja 550, kwa milo mitatu au minne. Tumbo lake ni dogo. Kwa makadirio ya kawaida, huchukua gramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo nane hushiba kwa kikombe kimoja kidogo. Ukikijaza kikombe hicho uji mwepesi, umekijaza maji.

Liko pia suala la mchanganyiko. Kipimo kinachotumiwa kimataifa kinataka mtoto apate kila siku angalau makundi matano kati ya manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde na karanga; maziwa ya wanyama; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A; na mboga na matunda mengine. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Jikoni, maana yake ni kijiko kimoja cha maini, viwili vya boga, kimoja cha maharage na nusu ya parachichi. Hapo ndipo mama anapokwama. Hakuna anayeweza kuwasha jiko kila mchana achemshe kijiko kimoja cha maini. Kiasi anachohitaji mtoto ni kidogo mno kupikwa peke yake, na chakula cha wakubwa kina chumvi, pilipili na mafuta mengi. Kwa hiyo mtoto anaishia kwenye uji, asubuhi, mchana na jioni.

Madhara yake yanaonekana katika takwimu za taifa. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilifikia asilimia 57, Njombe na Rukwa takribani nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, maharage yanatoka huko. Udumavu una sababu nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo, lakini ghala lililojaa halijamlisha mtoto mpaka mtu apate muda wa kukaa naye na kumlisha mara nne kwa siku, na muda wa mama uko shambani. Mpango wa lishe ulioanzishwa mkoani Iringa miaka ya 1980 na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliliona hilo mapema: ulishughulikia idadi ya milo, uzito wa uji na mzigo wa kazi wa wanawake kwa pamoja.

Mjini shamba limegeuka kuwa ofisi, kiwanda au meza ya biashara. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama wa Dar es Salaam anayefanya kazi mbali na nyumbani hawezi kuzitumia saa hizo kwenda kunyonyesha na kurudi, foleni ikiwa ile tunayoijua. Mtoto anapofikisha miezi sita, mama ameshakuwa kazini miezi mitatu, na anayelisha ni dada wa kazi au bibi. Kugandisha chakula, kwa maoni yangu, kunapaswa kuangaliwa hapo kwanza: ni njia ya mama kuuhamisha muda wake wa Jumapili hadi Jumatano.

Kuna anayesema, kwa nini basi tusinunue cha dukani? Chakula cha mtoto cha kopo kina historia ya karibu karne moja. Mwaka 1927, huko Fremont, Michigan, Dorothy Gerber alichoka kumpondea mtoto wake mboga kwa mkono, na kiwanda cha familia ya mumewe cha kusindika matunda na mboga kikaanza kuzisaga na kuziuza mwaka uliofuata. Shida yake ilikuwa ile ile ya mdogo wangu, yaani muda. Vyakula vya kiwandani vina faida moja ya kweli, nayo ni kwamba vingi huongezwa madini ya chuma. Lakini vina bei ambayo kaya nyingi haziwezi kuilipa kila wiki, na vingi vina sukari. Aprili 2024, shirika la Public Eye la Uswisi na mtandao wa IBFAN walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa karibu bidhaa zote za Cerelac za Nestlé walizozipima kutoka nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilikuwa na sukari iliyoongezwa, wastani wa karibu gramu nne kwa mlo mmoja, ilhali Uswisi kwenyewe nafaka kuu za watoto za kampuni hiyo huuzwa bila sukari ya kuongezwa. Mama anayepika mwenyewe anajua alichotia sufuriani. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya chakula cha nyumbani.

Sasa, barafu inafanya nini hasa? Katika nyuzijoto 18 chini ya sifuri, bakteria hawawezi kuzaliana. Wengi hawafi, wamesinzia. Chakula kikiyeyuka, wanaamka na kuendelea pale walipoishia. Kwa hiyo friza haisafishi chakula kichafu, na haikifufui kilichokaa mezani mchana kutwa. Inakihifadhi kilivyoingia. Protini, chuma na sehemu kubwa ya vitamini A hubaki. Vitamini C hupungua kiasi, ndiyo maana tunda bichi lililopondwa saa ile ile linafaa kuwa sehemu ya mlo hata kama vingine vyote vimetoka kwenye barafu. Tena vitamini C hiyo huusaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga.

Si kila chakula kinavumilia baridi hiyo. Boga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti, njegere, maharage yaliyopondwa, mchicha uliosagwa, nyama ya kusaga, kuku, maini na samaki aliyetolewa miiba vyote huganda na kurudi vizuri. Viazi mviringo hurudi vikiwa na chengachenga na maji. Ndizi mbivu hugeuka nyeusi. Uji huachana, maji upande na unga upande, hivyo ni bora upikwe upya kila siku kwa kuwa hauchukui muda mrefu. Parachichi lipondwe wakati wa kula. Ukilielewa hili, unaona friza ni ya vile vinavyochukua muda na gesi nyingi, hasa nyama na kunde, ambavyo ndivyo watoto wetu huvikosa.

Nikirudi jikoni Kimara, nilikaa naye Jumapili moja nikamtazama hatua kwa hatua. Alianza kwa kunawa mikono kwa sabuni na kumwagia maji ya moto blenda, trei za barafu na vijiko. Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu usiku. Boga alilichemsha kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa. Maini aliyapika mpaka yakaiva ndani kabisa, hakuna wekundu. Hakutia chumvi, hakutia sukari. Alisaga kila kitu peke yake, akilainisha kwa maji yale yale ya kuchemshia.

Kilichonivutia ni yaliyofuata. Sufuria hazikuachwa juu ya jiko zipoe zenyewe. Alizitia katika beseni la maji ya baridi yenye barafu, akawa anakoroga kwa mwiko mpaka mvuke ukaisha. Kanuni ya usalama wa chakula ni kwamba kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar es Salaam saa moja inatosha. Kisha akajaza trei. Kila kishimo kinachukua mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya chakula, kipimo kinachomfaa mtoto. Akazifunika, akaziingiza friza. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, alivigongea vipande kwenye mifuko, akakamua hewa, akaandika kwa kalamu ya maka jina la chakula na tarehe. Mchicha na karoti, alivyoniambia, havisubiri hata kidogo, na hapo yuko sahihi: mboga za majani na za mizizi zina nitrati, na zikikaa zimepondwa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo huathiri uwezo wa damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni.

Miongozo mingi huruhusu mboga na matunda kukaa kwenye barafu miezi miwili hadi mitatu, nyama na samaki mwezi mmoja hadi miwili. Muda huo umewekwa kwa umeme usiokatika. Kwa nyumba zetu, ningesema pika cha wiki moja, mbili zikizidi.

Maana umeme ndio kiungo dhaifu kuliko vyote. Waliopitia migao ya umeme kabla mashine za Bwawa la Julius Nyerere hazijaanza kuzalisha mwaka 2024 wanakumbuka nyama iliyomwagwa. Hata leo laini hukatika kwa mvua, kwa matengenezo, au LUKU inaisha usiku wakati kila mtu amelala. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takribani saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na sehemu ya chini ya friji saa nne tu. Hatari kubwa ni katizo usilolijua: chakula kinayeyuka mchana, kinaganda tena usiku, na asubuhi kinaonekana kama hakijaguswa. Dawa yake ni rahisi. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, ujue barafu iliyeyuka, na chakula cha mtoto kisitumike. Inauma kukimwaga, lakini kuhara kwa mtoto wa miezi minane kunauma zaidi.

Upande wa kulisha una mashaka yake, na mara nyingi mama hayupo kuyaona. Kipande kinaweza kuyeyushwa usiku kucha sehemu ya chini ya friji, au kutiwa moja kwa moja katika sufuria ndogo. Kisiachwe mezani kiyeyuke chenyewe. Kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, nyuzijoto 70 au zaidi, kisha kipoe kiasi cha kulika. Kilichoyeyushwa kitumike ndani ya saa 24 na kisigandishwe tena. Na kijiko kikishaingia mdomoni kikarudi bakulini, mabaki yake humwagwa, kwa sababu mate yamebeba bakteria. Mama yangu alikuwa sahihi hapo: hicho sasa ni kiporo. Ndiyo sababu ya kupakua kidogo na kuongeza, badala ya kujaza bakuli. Dada wa kazi anahitaji kufundishwa haya kwa heshima na kwa vitendo, maana yeye ndiye mpishi wa siku tano kati ya saba. Kwa mdogo wangu karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji, na waliiandika pamoja, yeye na dada.

Wengi wanaosoma hapa hawana friza, na kaya nyingi vijijini hazina umeme. Swali lao ni lile lile: nitampaje mtoto mlo wa nne nikiwa shambani? Desturi ya wengi ni kupika uji asubuhi na kuuacha kwenye sufuria au chupa ya chai. Katika joto linalowafaa, bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa hesabu hiyo, mmoja wa saa moja asubuhi anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa nane mchana. Chupa ya chai inalinda chakula ikiwa bado kimoto zaidi ya nyuzijoto 60. Kikipoa humo, chupa inakuwa kiatamio.

Lakini babu zetu hawakuwa wajinga wa kuhifadhi. Togwa, uji uliochachushwa, hutengeneza asidi inayozuia bakteria wa kuhara wasikue. Mwaka 1994, Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania ulioonyesha kuwa watoto waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko waliolishwa usiochachushwa. Kimea nacho kina kazi yake. Mosha na Svanberg walionyesha mwaka 1983 kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa hulainisha uji mzito ukanyweka bila kuongezwa maji, hivyo kikombe kile kile kidogo kinabeba nguvu nyingi zaidi. Ukiotesha mtama, ondoa machipukizi na mizizi yake kabla ya kusaga, kwa kuwa yana sumu ya sayanaidi.

Akiba ya unga nayo ina sharti lake. Unga wa lishe uliochanganywa nafaka nne na karanga ukakaa ndoo nzima kwa miezi ni hatari kuliko unavyoonekana. Karanga huchacha, soya isiyokaangwa vizuri husumbua tumbo, na mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoongoza kwa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 iliua 125. Haionekani, haiondoki kwa kupika, wala kwa kugandisha. Saga kidogo, nafaka moja au mbili, chagua punje moja moja, na karanga utie wakati wa kupika.

Friza pia ina mipaka yake kwa mtoto mwenyewe. Blenda ni ya wiki za mwanzo. Kufikia miezi minane mtoto anahitaji chakula kilichopondwa kwa uma, chenye vipande laini vya kutafuna, na vya kushika kwa vidole. Mwaka ukifika, ale chakula cha familia, kilichotolewa sufuriani kabla ya chumvi na pilipili. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, iwe mbichi, imepikwa au imegandishwa. Maini yatosha mara moja kwa wiki, maana yana vitamini A nyingi sana. Na hakuna mfuko wa barafu unaomtazama mtoto usoni, unaomngoja ameze, unaomwimbia. Anayelisha ndiye nusu ya mlo.

Siku ya tatu ya kukaa kwake, nilimkuta mama amempakata mjukuu, bakuli mkononi, mvuke ukipanda. Alikuwa ameyeyusha vipande viwili vya boga na kimoja cha maini, akavitia kwenye mtori alioupika mwenyewe. Hakusema amebadili mawazo, wala sikumuuliza. Mtoto alikula akamaliza.

Hukumu yangu ni hii. Kugandisha chakula cha mtoto ni jambo jema pale panapokuwa na mikono safi, kupoza haraka, umeme unaoangaliwa na mtu anayejua kupasha. Kimoja kikikosekana, uji mzito uliopikwa sasa hivi, ukatiwa yai au dagaa waliosagwa, unakishinda chakula chochote cha barafu. Na wewe baba unayesoma, Jumapili ijayo shika mwiko. Beseni la maji ya baridi linahitaji mtu wa kukoroga, na mama wa mtoto amechoka.